Mama Mkwe Yuko Sebuleni

Kazi yangu ni kuwavua wanaume mashati. Ofisini nimeandikiwa cheo kirefu cha afisa wa kusaidia familia zenye watoto wachanga, na bwana yangu mpaka leo hajaweza kukikariri, lakini ukifuatana nami siku moja utaona ni mashati tu. Nazunguka upande wetu wa Bungoma, kutoka Kamukuywa mpaka Naitiri, nikiingia nyumba ambazo mtoto amezaliwa mapema au amezaliwa mdogo kuliko inavyotakiwa. Mtoto wa namna hiyo hana mafuta mwilini ya kumpa joto. Mfunike blanketi utakazo, blanketi haziwashi moto. Zinatunza tu joto lililopo, na kama halipo umefunika baridi. Dawa yake ni ngozi ya mtu. Anavuliwa, anabaki na nepi, kofia na soksi, analazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kisha anafungwa kwa leso asiteleze, na hapo anakaa mchana na usiku. Mama akichoka, baba anashika zamu.

Hapo kwa baba ndipo kazi ilipo. Wanaume wa kwetu watakulimia ekari nzima kwa jembe la mkono, lakini umwambie mmoja wao afungue shati mbele ya wanawake alaze mtoto kifuani, utadhani umemwomba avae rinda. Mkulima mmoja wa Naitiri aliniambia ati yeye si kuku wa kuatamia. Nikamwambia, "Kuku angekuwa ameshaanza, wewe bado unabishana." Mama mkwe na majirani wakacheka, na wanawake wakishacheka mwanamume hana pa kukimbilia. Akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili alikuwa anakichelewesha, basi nikakifungua mwenyewe, na vyote vilivyofuata. Kwa wale akina mama wanaoona haya kutoa titi mbele yangu huwa nawaambia mficha uchi hazai, na wao wamekwisha zaa, kwa hiyo wanaficha nini. Watu walikuwa wananipenda kwa mdomo wangu. Mimi pia nilijipenda, na hilo ndilo linaloniwasha leo ninapokumbuka.

Binti yangu wa pili ameolewa Kitale. Mume wake ni Mbukusu mwenzetu, kijana mrefu, mpole, ananunua vitunguu na ndizi huko Suam mpakani na kuziuza sokoni Kitale. Sasa, kwetu, mama na mume wa binti yake hawazoeani. Hawashikani mikono. Hawatazamani usoni. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, haingii chumba anacholala, na mwili wa mkwe huyo, hata kifua tu, hauoni. Si chuki. Ni heshima, na watu wanailinda heshima hiyo kuliko wanavyolinda mambo mengine mengi wanayoyahubiri.

Mimi ni mtu wa kanisa na wa semina. Mila kadhaa nimesimama mbele ya watu nikasema tuziache, tena nikapigiwa makofi. Hii sikuwahi kuigusa. Nitasema ukweli: ilinipendeza. Nilipenda kuona kijana mrefu vile akitoka mbio kwa mlango wa nyuma kwa sababu mimi nimeingia kwa ule wa mbele. Ilinipa ukubwa ambao mshahara haujawahi kunipa. Dada zangu walikuwa wakinisifu kwamba nimepata mkwe mwenye adabu, nami nilikuwa naitikia kama vile adabu ile nilimfundisha mimi.

Mjukuu wangu alizaliwa kwa upasuaji, mapema mno, msimu ule wa mvua ambapo Kitale kuna baridi mpaka sukari inashikana koponi. Alikuwa mdogo sana. Hospitali ilimkalisha na mama yake mpaka akaanza kuongeza uzito kidogo, wakafundishwa yote ninayofundisha mimi, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Hawakukaa sana. Kidonda cha binti yangu kikafunguka, kikaanza kutoa usaha, akarudishwa wodi. Wodi yenyewe ilikuwa imejaa wenye vidonda na wenye kikohozi, na sista akasema mtoto mdogo vile asilazwe humo. Abaki nyumbani na baba yake, ambebe kifuani kama mama alivyokuwa akimbeba, na maziwa ya mama yakamuliwe yawe yanapelekwa, anyweshwe kwa kikombe kidogo.

Binti yangu akanipigia simu. "Mama, kuja tu. Baba yake ameacha Suam, anajaribu, lakini ako peke yake."

Nikaomba ruhusa kazini na kwenda Kitale. Kulala kwa mkwe haikuwezekana, kwa hiyo nikapokelewa na dada mmoja wa kanisa letu anayeishi upande mwingine wa mji. Asubuhi napitia hospitali, namwona binti yangu, nachukua maziwa, naenda nayo nyumbani kwao. Jioni narudi kwa dada. Siku nzima niko pale nyumbani, napika, nafua, nachemsha vikombe.

Nyumba yao ina sebule, chumba cha kulala, na jikoni kule nyuma. Ungetuona ungecheka. Tuliishi kama wapangaji wa ploti wanaotumia bafu moja, mmoja akikohoa mwingine anasubiri. Nikisukuma geti, mkwe anakohoa na kuingia chumbani. Nikiingia sebuleni, anasema kupitia pazia la mlango, "Karibu Mama, umeamka?" Namjibu nimeamka. Naweka maziwa juu ya meza, naenda jikoni, naye anatoka anachukua. Asubuhi ya kwanza alimlaza mtoto kwenye kochi, akarudi chumbani, ndipo nikaja nikambeba. Nilimgusa miguu, nikamgusa tumbo. Alikuwa na joto zuri kabisa. Nikasema moyoni, kijana anambeba vizuri, na huyu ni mkwe wangu, na kazi hii ni yangu. Nikamrudisha kwenye kochi, nikaenda kumenya viazi, baba yake akaja akamchukua.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Nikifika namshika, namkuta na joto, namrudisha. Mchana wote yuko chumbani na baba yake, mimi sebuleni na jikoni. Jioni naondoka kabla giza halijaingia, nikiaga kupitia pazia.

Kisha binti yangu akaanza kuniambia mambo ambayo sikuyapenda. Alikuwa anaongea na mume wake kwa simu kutoka wodini. "Anasema usiku mtoto anakunywa vizuri, anachangamka. Lakini mchana analegea. Kikombe anakataa. Ni kwa nini, Mama?"

Kama swali hilo angeniuliza mama wa Kamukuywa ningevuta kiti. Ningeuliza usiku analala wapi, mchana analala wapi, nani yuko nyumbani, dirisha liko upande gani. Lakini aliyeuliza ni binti yangu, na aliyekuwa na mtoto ni mkwe wangu, na jibu nilikuwa nalo tayari: mwanamume hana subira ya mchana. Nilikuwa nimemsikia huko chumbani akiongea kwa simu na mwenzake wa Suam kuhusu vitunguu vilivyooza. Hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kuitwa mara mbili. Nikasimama karibu na pazia na kusema kwa sauti ya semina, "Mkwe, simu haina joto. Achana nayo umwangalie mtoto."

"Ndiyo, Mama," akasema.

Nikarudi jikoni nimeridhika. Siku hiyo nzima sikusikia simu tena. Kila nilipotamka neno kupitia lile pazia, jibu lilikuwa "ndiyo, Mama," kwa sauti ileile ya chini, na mimi niliichukua kuwa ni sauti ya mtu anayejua amekosa.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta binti yangu analia kitandani. Sista alikuwa ametoka kumsafisha kidonda na nilidhani ni maumivu. Akanishika mkono. "Mama, si uingie umwangalie mwenyewe? Wewe ndiye unajua. Ukae naye huko chumbani, uone anavyomshika."

"Niingie chumbani mwenu?" nikamwuliza. "Nimkute mume wako kifua wazi?"

Akaninyamazia. Binti yangu anajua kuninyamazia tangu akiwa mdogo. Nikampangusa machozi, nikamwambia mambo yatakuwa sawa, nikachukua maziwa nikaenda. Njiani niliendelea kumjibu moyoni, na majibu yote yalikuwa mazuri.

Mvua ilianza kabla ya saa sita. Nilipofika nilikuwa nimemshika mtoto kama kawaida na nikaona ni mzima, labda ana usingizi kidogo. Nikaenda kupika. Mvua ya Kitale ikipiga mabati husikii kitu kingine, kwa hiyo sikushangaa kwamba simsikii akilia. Nilikuwa nimeinama nikichochea jiko nilipoona kivuli mlangoni. Mkwe wangu alikuwa amesimama pale nje kwenye mvua, mgongo umenigeukia, uso anautazama ukuta.

"Mama," akasema, "mtoto hataki kuamka."

Nikapita karibu naye. Nikafungua pazia lile, nikaingia chumba ambacho mtu kama mimi haingii.

Mtoto alikuwa kitandani, katikati, amezungushiwa blanketi mpaka utadhani ni hindi bichi ndani ya maganda yake. Nikafunua moja, nikafunua nyingine, mpaka nikafika kwenye soksi. Miguu ilikuwa baridi. Tumbo, ambalo ndilo lenye habari kamili, lilikuwa baridi pia. Nikamsugua mgongo, akafungua jicho kidogo akalifunga. Nikageuka na kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yangu nikamtazama mkwe wangu vizuri. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na juu yake sweta, na juu ya sweta jaketi. Macho yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala.

"Kwa nini hujambeba?" nikamwuliza.

Alikuwa anatazama sakafu. "Nambeba, Mama. Usiku wote huwa nambeba mpaka unapofika."

"Na mchana?"

"Mchana si wewe uko."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemkumbusha mkubwa jambo ambalo mkubwa analijua. Na nililijua. Mwanamume hakai kifua wazi ndani ya nyumba ambamo mama mkwe wake yumo, hata kama kuna ukuta katikati, hata kama kuna pazia. Ninalijua tangu nikiwa msichana. Kila asubuhi geti lilipolia alimtoa mtoto kifuani akiwa na joto, akafunga vifungo vyake, akamlaza kwenye kochi. Ndiyo maana nilikuwa namkuta ana joto. Halafu siku nzima nikakaa pale sebuleni na heshima yangu, na mtoto akapoa. Kama ningekaa kwangu Bungoma, mtoto yule asingepoa.

"Fungua shati," nikasema.

Akarudi nyuma mpaka akagusa kabati. "Mama, naomba utoke kwanza. Ukitoka nitamweka."

Na mimi niligeuka nitoke. Sitaki kulificha hilo. Mtoto amelegea kitandani, mimi nimefanya kazi hii miaka, najua kila dakika ina maana gani, na miguu yangu ilikuwa tayari imeelekea mlangoni kwa sababu mkwe ameniomba nisione kifua chake. Nilikuwa nimeshika pazia niliposikia mtoto akiguna. Ni mguno mwembamba wa mtoto anayevuta pumzi kwa shida, ninaufundisha akina mama wautambue. Nikarudi.

Jaketi alilivua mwenyewe, na sweta. Shati mikono yake ilikataa, basi nilianza juu shingoni na kushuka chini kifungo kwa kifungo. Aligeuza uso ukutani akafumba macho. Mimi pia nilijaribu kutoangalia, lakini huwezi kumweka mtoto mdogo vile mahali usipoangalia, na nikaona. Katikati ya kifua chake ngozi ilikuwa imejaa vipele vya joto, mahali ambapo mtoto amekuwa akilala usiku baada ya usiku. Vipele hivyo navijua. Huwa nawatania nao akina baba, nawaambia hiyo ndiyo medali. Wachache sana wanavipata, kwa sababu wachache wanavumilia kiasi hicho.

Nilimvua mtoto, nikamweka pale, nikafungua leso yangu kiunoni na kuwafunga nayo pamoja, nikiizungusha mgongoni kwake, mikono yangu ikimgusa. Leso ya mama mkwe. Nikamrudishia jaketi juu. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta, mikono yake ilikuwa imemshika mtoto. Tukatoka kwenye mvua tukapata tuktuk, tukaketi kiti kimoja bega kwa bega mpaka hospitali, naye akimwambia mtoto polepole kwa lugha yetu, amka, baba yangu, amka.

Sista aliyetupokea alinijua. Alikuwa amekaa kwenye mafunzo yangu siku moja. "Ah, Madam, kumbe ni wako? Basi ako kwa mikono mizuri." Wakamchukua mtoto, wakampima, wakamweka kwenye joto na oksijeni, wakapima sukari ikawa chini, wakampa. Kila mtu alikuwa anakimbia. Kisha yule sista akarudi na uso tofauti. "Huyu alikuwa amepoa sana. Alikuwa anabebwa kifuani kweli?"

Nilifungua mdomo. Nadhani nilifungua. Nilikuwa natafuta namna ya kuanza, kwamba ni mila, kwamba ni mimi, kwamba hakuna mtu alimwambia kijana huyu kwamba mama mkwe wake anaweza kuambiwa atoke nje. Nilikuwa bado natafuta maneno, mkwe wangu aliposema, "Ni makosa yangu, sista. Mchana nilikuwa nazembea."

Sista alimkaripia. Alimwambia maneno ambayo mimi huwa nawaambia wanaume, karibu yaleyale, kwamba watoto hawatengenezwi na mtu mmoja, kwamba kuzembea kwake kungemwua mtoto. "Na mama mkwe wako ni mwalimu wa mambo haya. Huoni haya?" Yeye alikuwa anaitikia, "Ndiyo, sista." Leso yangu ilikuwa bado imemzunguka, inadondosha maji. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika mkoba.

Kwa muda hatukujua kama mtoto atapona. Akalazwa kwenye chumba cha watoto wadogo, na mkwe wangu akawa anaingia humo kifua wazi, maana humo kuna wageni tu. Mimi nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje. Mungu alitusaidia. Mtoto akaanza kunywa, akaanza kulia kwa nguvu, kidonda cha mama yake nacho kikafunga, akahamia kumlea mwanawe huko. Siku moja, tukiwa wawili, binti yangu aliniuliza, "Mama, ni kweli alizembea? Ameniambia hivyo, lakini simwelewi. Yeye hajawahi kuwa mvivu."

"Alikuwa amechoka," nikamwambia. "Uchovu tu."

Alinitazama kidogo kisha akaendelea kumnyonyesha. Hakuninyamazia kama zamani. Alianza kuzungumza habari nyingine, habari za nepi. Hapo nikajua amenielewa kuliko nilivyotaka.

Jambo la kwetu lilikuwa bado halijaisha. Mkwe ameonwa mwili na mama mkwe, ameguswa, amefungwa leso yake. Watu wakubwa walipoambiwa, wakasema lazima watu wakalishwe chini, jambo lisafishwe. Siku ikapangwa, mkwe akaja nyumbani kwetu Kamukuywa na baba yake mdogo, kuku wakachinjwa, wazee wakaketi. Sikujua ni nani atakayeongea. Nilikuwa nimejiandaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimemwambia bwana yangu kila kitu, naye alisema, "Kesho useme hivyohivyo." Kwa hiyo naweza kusema kwamba nilishauriwa.

Mkwe wangu akasimama mbele ya wote. Shati lilikuwa limefungwa mpaka shingoni. Akapiga goti moja, akatazama chini, akasema, "Mama, naomba unisamehe kwa kukuonyesha mwili wangu."

Ilikuwa zamu yangu. Wazee walikuwa wananiangalia, dada zangu wananiangalia, bwana yangu anaangalia mikono yake. Kijana huyu alimbeba mtoto usiku wote mpaka akaota vipele, akakaripiwa mbele ya watu kwa kosa langu, akasafiri mpaka kwangu kunipigia goti. Nikasema, "Nimekusamehe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee mmoja akasema sasa haya imeondoka. Tukala kuku. Bwana yangu hakula, alisema tumbo.

Kazini nilirudi. Bado nazunguka mpaka Naitiri, lakini vifungo vya watu sivigusi tena. Nikifika kwenye nyumba sasa naanza na swali: ni nani ambaye akiwa hapa, huwezi kufungua shati? Utashangaa majibu. Mmoja husema baba yake, mwingine husema pasta, wengi husema mama mkwe. Basi tunapanga ni saa ngapi huyo mtu atakuwa hayupo. Bosi wetu alisikia akalipenda swali hilo sana. Limeingizwa kwenye mafunzo, na kwenye mkutano niliitwa mbele niseme nililitoa wapi. Nikasema linatokana na uzoefu. Wakapiga makofi.

Mjukuu sasa anatambaa, ana mashavu, ukimwona huwezi kuamini. Naenda Kitale kumwona kila nipatapo nafasi, na kila nikiingia analia. Binti yangu anasema ati hajanizoea, ati watoto wa umri huo huogopa wageni. Majirani huja akawarukia mikononi. Mimi najua analilia nini. Yeye bado ni wa baba yake. Ukimtafuta nyumbani humo utamkuta kifuani kwa baba yake, tangu siku zile hajapenda mahali pengine. Na geti likilia, baba yake akisikia ni sauti yangu, anamweka chini, anafunga vifungo, anatoka kwa mlango wa nyuma. Mtoto anabaki katikati ya sebule ananitazama mimi.

Mara ya mwisho nilimbembeleza kwa kila wimbo ninaoujua. Kupitia dirisha la jikoni nilimwona mkwe wangu amesimama kule nyuma karibu na kamba ya nguo, mikono mfukoni, anasikiliza mwanawe akilia. Ningefungua mlango nimwambie neno moja tu, ingia. Nilishika kitasa. Binti yangu alikuwa ananiangalia. Kisha nikasema chai yatosha, nina safari ndefu, nikachukua mkoba. Kabla sijafika barabarani kilio kikakatika.